Kitambaa Kilichobaki

Mtoto alikuwa anapumua kwa mbavu. Kila alipovuta hewa, ngozi ya chini ya kifua ilizama ndani kama kitambaa chepesi kilichonaswa na sindano, na kila alipoitoa aliguna, nnh, nnh, mfano wa mtu anayesukuma gogo peke yake. Alikuwa na saa mbili na nusu tangu azaliwe.

"Pumzi zimepita sabini," Fundi alisema.

"Nimekuambia uhesabu, sijakuambia unitangazie." Nesi hakugeuka. Alikuwa anabandika plasta kwenye shavu la mtoto ili mrija usichomoke puani. Mrija ulitoka kwenye mashine ya oksijeni iliyokuwa ikinguruma kando ya ukuta. "Zikipungua ghafla ndiyo uniite. Zikipungua, umesikia? Si zikizidi."

Fundi hakumpenda Nesi. Wakati wa uchungu Nesi alimpiga kofi la paja na kumwambia asukume au anyamaze. Kisha mtoto alipotoka kimya, rangi ya wino, Nesi alimnyakua bila neno, akamlaza mezani, akamfunika mdomo na pua kwa kikombe cha mpira na kuanza kuminya mfuko. Fundi, miguu bado iko juu, aliona mgongo tu: mgongo wa mwanamke anayemziba mtoto wake pumzi. Alipiga kelele hadi sauti ikamkauka. Baadaye mama mkwe alimweleza kwamba ule ni mfuko wa kumpulizia mtoto hewa, wanauita ambu, na ndio uliomliza mtoto. Fundi alielewa. Lakini ule mgongo haukumtoka machoni.

Tena hakuwa mtu wa kuamini haraka. Alikuwa fundi cherehani mwaka wa kumi na mbili sasa. Kila mteja aliyemletea kitambaa alikipima kwanza mwenyewe mbele yake, na nguo ikiwa tayari aliigeuza ndani nje akitafuta inchi zake. Na kusema kweli hawakumwonea sana. Kipande kikibaki, alikiweka. Kazi ilikuwa imemfundisha namna ya kushika futi ili umpunje mtu huku anatazama, na namna ya kumtambua mwenzako anayeshika futi vile vile.

Kitambaa alichofungiwa mtoto kilikuwa cheupe, chenye ukingo wa kijani. Mama mkwe alikivuta pembe, akakipapasa kwa vidole viwili.

"Kizuri. Umenunua wapi?"

"Kimebaki."

"Vyako huwa vinabaki tu. Siku moja nitakuletea shuka unishonee leso, nione kitakachobaki."

Fundi alitaka kucheka, ikashindikana. Kitambaa kilikuwa cha zahanati. Wiki iliyopita mkuu wa zahanati, ambaye kila mtu alimwita Daktari ingawa hakuwa daktari, alimletea jora zima ashone vitambaa vya meza kwa ajili ya wageni wa kesho. Sababu ya wageni ilikuwa imening'inia ukumbini, juu ya benchi la wagonjwa, mahali ambapo huwezi kukaa usiione: ubao mweusi wenye maandishi ya rangi nyeupe, SIKU BILA KIFO CHA MTOTO MCHANGA KATIKA ZAHANATI HII, na chini yake tarakimu za chaki. Leo zilisema 299. Kesho watu wa wilaya wangekuja na cheti.

Uchungu ulimshika jana akiwa anapinda kitambaa cha mwisho. Pindo lilikwenda upogo, urefu wa kiganja kimoja, naye hakupata nafasi ya kulifumua. Alivikunja vyote hivyo hivyo, akavibeba mwenyewe, akaja navyo zahanati pamoja na tumbo. Hata futi yake alikuwa amesahau kuivua. Ilikuwa bado shingoni.

"Sasa sikiliza," Nesi alisema, akijifuta mikono. "Nimeongea na hospitali. Wana gari la watoto wachanga, lina oksijeni, lina muuguzi wake. Linafika hapa saa sita. Wewe mshike hivyo hivyo kifuani, apate joto, mrija usitoke. Subiri."

Fundi alitazama saa ya ukutani. Saa mbili na robo.

"Nisubiri hadi saa sita?"

"Una kiwanda gani unachokiwahi?"

Mkuu aliingia akiwa amevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi hadi likawa na makali. Aliinama kumtazama mtoto, mikono nyuma. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayeingia nyumba yenye msiba.

"Fundi wetu. Hongera, na pole. Mama yangu, shikamoo."

"Marahaba, Daktari," mama mkwe alisema. Alikuwa ameshasimama.

"Huyu mtoto si wa kukaa hapa. Gari letu liko nje, limejaa mafuta. Kwa nini tungoje la watu?"

Nesi alikohoa. "Daktari, nilishaongea na hospitali. Wamesema..."

"Hospitali ni kilomita hamsini na tisa. Ukingoja lije ndipo liondoke, umesafiri mara mbili. Hesabu hiyo hata fundi wetu anaiweza."

"Hakuna wa kumsindikiza. Mimi nina mzazi mwingine chumba cha pili, ameshafunguka sentimita nane."

"Mama yake si mtu? Bibi yake si mtu?"

"Na oksijeni?"

"Mtungi upo garini. Umejaa. Nimeugusa kwa mkono wangu asubuhi hii."

Nesi alifungua mdomo. Mkuu alimtazama, akatabasamu kidogo.

"Halafu nikumbushe, Nesi. Mkataba wako tulishaupeleka wilayani, au bado uko mezani kwangu?"

Nesi alifunga mdomo.

Fundi aliyaona yote mawili, kufunguka na kufungika. Aliona hata mate yakimezwa. Akajiambia: huyu ana jambo. Mtu anayesema kweli hanyamazishwi kwa neno moja.

Mkuu alitoka kwenda kuandaa fomu. Mama mkwe alimfuata ili akamwone dereva, asije akaondoka. Mlango ulipojifunga, Nesi alisogea karibu. Alinuka sabuni ya kufulia na jasho la usiku kucha.

"Usisaini," alisema kwa sauti ndogo.

"Kwa nini?"

"Mtazame midomo. Ina rangi, au haina?"

Fundi alitazama. Ilikuwa na rangi ya waridi, iliyofifia, lakini rangi.

"Hiyo rangi ni ya mashine. Mashine haiendi popote. Subiri gari la hospitali, dada. Saa sita si mbali."

"Kama gari letu lina mtungi, nisubiri nini?"

Nesi alitazama mlango. "Wewe subiri tu. Ukiniuliza sana utaniponza."

Subiri. Fundi alilijua neno hilo kuliko alivyolijua jina la mume wake, ambaye mwaka huu wote alikuwa ameonekana mara mbili kutoka kwenye mashamba alikokwenda kufanya vibarua. Alipofuatilia kibali cha kibanda chake aliambiwa subiri, na karani akawa anatazama mkoba wake. Alipompeleka mama yake mzazi kung'olewa jino aliambiwa subiri, hadi mtu wa nyuma yake kwenye foleni alipomnong'oneza kwamba yule mng'oa meno hangoji muda, anangoja chochote. Hakuwahi kuambiwa subiri na mtu asiyetaka kitu. Na hawa watu tangu asubuhi hawakuwa wamemwomba hata senti. Hilo ndilo lililomtia wasiwasi kupita kuguna kwa mtoto: noti aliyoifunga kwenye pembe ya kanga tangu mwezi wa saba wa mimba, kwa ajili ya siku hii, ilikuwa bado imefungwa.

Akaifungua kwa meno, maana mkono mmoja ulikuwa umemshika mtoto. Akaisukuma kwenye mfuko wa gwanda la Nesi.

Nesi alitazama mfuko wake kana kwamba umeingiwa na mdudu. "Hii nini?"

"Ya soda, dada. Tusaidiane."

"Unanidhania nini wewe?" Aliichomoa, akaitupa. Ilianguka sakafuni kati yao. "Nimekesha na mtoto wako hapa, nimempulizia hadi vidole vimekufa ganzi, unanipa hela ya soda?"

Ni ndogo, Fundi aliwaza. Amekasirika kwa sababu ni ndogo.

Mkuu alikuwa mlangoni, fomu mkononi. Alitazama noti pale chini. Akamtazama Nesi kwa muda mrefu, kwa huzuni iliyopangika vizuri.

"Nesi. Tumefikia huku? Tunawadai wazazi?"

"Mimi sijadai..."

"Nimesikia kwa masikio yangu ukitaja hela ya soda." Aliinama, akaiokota noti, akaipangusa vumbi na kumrudishia Fundi kwa mikono miwili. "Mama, hapa huduma ni bure. Gari ni bure. Ukiombwa kitu chochote na mtu yeyote, njoo kwangu."

Fundi angeweza kusema: hakuomba, nimempa mimi. Maneno yalikuwa matatu tu. Lakini mama mkwe alikuwa ameshaingia nyuma ya Mkuu, amejitwika kikapu, na macho yake yalisema, umeona? Nesi alikuwa ameuelekea ukuta, akiminya swichi ya taa isiyohitaji kuminywa. Hakujitetea. Fundi alimsubiri ajitetee. Alipoona kimya, akafunga hesabu.

"Niletee kalamu," alisema.

Aliisoma fomu, maana hakuwahi kusaini kitu bila kukisoma. Kwenye mfuko wa shati la Mkuu ilichomoza fomu nyingine iliyokunjwa mara nne, yenye mwandiko wa Nesi. Hii ilikuwa ya mwandiko wa Mkuu. Jina la mama. Uzito wa mtoto. Saa ya kuondoka. *Hali ya mtoto anapoondoka: imara.*

"Imara?" Fundi aliuliza. "Huyu?"

"Ni lugha ya kazi, mama. Yaani anaweza kusafiri. Usipoandika hivyo hawampokei, watasema mmetuletea mzigo."

Neno lilimkaa vibaya. Alilizungusha kichwani kama anavyozungusha kipande ambacho pande zake hazilingani. Futi, hapa mtu ameshika futi. Lakini nje gari lilikuwa limeshawashwa, na mama mkwe alikuwa anamvuta kiwiko.

"Mwanangu, sasa unasoma msahafu? Daktari anakungoja!"

Akasaini.

Nesi ndiye aliyechomoa mrija. Alifanya taratibu, akalowesha plasta kwanza isimchubue mtoto. Kisha akatoa kwenye kabati kile kikombe cha mpira na mfuko wake, akavitia mikononi mwa Fundi, na juu ya mikono hiyo akaweka ya kwake.

"Kikombe kizibe pua na mdomo, kisivuje. Shingo isikunjwe, kidevu kitazame juu kidogo, hivi. Minya. Achia, achia. Minya. Achia, achia. Kama unakanyaga cherehani ukishona kitu laini. Usikamue kama unafua."

"Kwa nini unanipa hiki? Mtungi si upo?"

Mkuu alikuwa bado amesimama pale. Nesi alimtazama Fundi usoni, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Upo," alisema. "Bibi, wewe shika kidevu. Usikiachie hata gari likiruka."

Chumba cha pili mwanamke alipiga ukelele. Nesi akaondoka mbio.

Gari la wagonjwa lilikuwa na harufu ya plastiki mpya. Viti vya wageni vilikuwa ndiyo kwanza vimeshushwa humo, vimepangwa safu nje ya ukumbi. Nyuma, kando ya kitanda, mtungi mweusi mrefu wenye mabega meupe ulikuwa umefungwa kwa kamba, na juu yake limetundikwa koti la Dereva.

"Karibuni, mashemeji," Dereva alisema. Alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya sufu. "Kazi yangu ni moja, kukanyaga. Kazi yenu kushikilia."

Walikuwa wamepita shule ya msingi wakati Fundi alipoona mdomo wa mtoto unabadilika. Haukubadilika mara moja. Waridi lilitoka pembeni kwanza, kama rangi mbaya inavyotoka kwenye kitambaa cha bei rahisi.

"Mama, fungua ule mtungi."

Mama mkwe aliondoa koti. Juu ya mtungi palikuwa na kichuma kilichochomoza, kimefungwa kwa mfuko wa nailoni na raba. Hapakuwa na kitu kingine. Hapakuwa na mrija, wala mahali pa kuuchomeka.

"Dereva! Unafunguliwaje huu?"

Dereva hakujibu upesi. "Haufunguliki, mama. Kichwa chake hakipo. Kile chenye mshale na bomba. Kilikwenda kutengenezwa tangu mwaka jana."

"Ameniambia umejaa!"

"Umejaa. Hapo hajakudanganya."

Fundi aliona kila kitu kwa mkupuo, jinsi mteja anavyoona gauni lililoharibika likiwa tayari limevaliwa. Midomo ya Nesi inafunguka, inafungika. Mtungi upo. Kama yeye anavyowaambia wateja: kitambaa chako chote kiko hapa, mama, hakuna kilichopotea, angalia. Kweli kipo. Vipande vipande.

"Geuza gari."

"Mama..."

"Geuza! Hatujafika hata kilomita tano! Turudi kwenye mashine!"

"Nimeambiwa hata iweje nisigeuze."

"Nani kakuambia?"

"Mimi ni dereva tu, mama," alisema, na akakanyaga mafuta kwa nguvu, kwa kuwa hilo ndilo jema pekee aliloruhusiwa. "Minya huo mfuko. Minya, usiongee na mimi."

Aliminya. Minya. Achia, achia. Mguu wake wa kulia ulianza kukanyaga sakafu ya gari bila yeye kuuambia, kisigino, vidole, kisigino, na mkono ukafuata mguu. Kifua cha mtoto kilipanda. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti, ameshika kidevu kidogo kwa vidole viwili, anasema maneno ya dua na matusi kwa Dereva katika pumzi moja. Kwa muda mdomo ulirudiwa na rangi. Fundi aliona. Hata mama mkwe aliona, akamwambia mtoto, "Eeh, mwanamke mwenzangu, vuta." Kisha barabara ikaacha lami, na gari likaanza kuruka. Kila liliporuka kikombe kiliteleza, hewa ikavujia pembeni. Aliziba tena. Likaruka tena.

Hakujua walikuwa wameenda kwa muda gani. Kiganja kilikuwa kimekufa ganzi, akabadilisha mkono. Ile sauti, nnh, nnh, iliyomkera tangu asubuhi, ilikuwa imekoma. Alisimamisha mfuko kidogo ahesabu. Alihesabu kama alivyofundishwa. Zilikuwa zimepungua.

"Nesi!" aliita.

Aliita kwa sauti yote, ndani ya gari, mbele ya mama mkwe na Dereva.

"Nesi! Zimepungua!"

Hospitali, daktari kijana aliweka kipimo kwenye kifua cha mtoto, akasikiliza muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipokiondoa alikishika mkononi na kusema pole, na ilionekana alimaanisha. Alijaribu hata kumfunika vizuri.

Mwanamke wa mapokezi aliichukua fomu. Aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

"Mmeandikiwa imara."

"Nimeona," Fundi alisema.

"Mbona gari letu lilikuwa linatoka? Muuguzi alishapanda. Tukapigiwa na mkuu wenu mwenyewe, tusije, mtoto hali yake nzuri mnakuja taratibu." Alitambua amesema zaidi ya anavyolipwa kusema. Akairudisha fomu juu ya kaunta. "Haya. Hii siwezi kuiandika hapa, mama. Sisi tunaandika wanaofika wazima. Huyu amefika ameshaondoka. Rudini mlikotoka ndiko wakamwandike."

"Na kule wakikataa?"

"Kule ndiko alikozaliwa."

Walirudi na gari lile lile. Dereva hakuita mtu shemeji. Njia nzima mama mkwe alikaa na uso kwenye kanga, na walipokaribia shule ya msingi alisema bila kuinua kichwa, "Mimi ndiye niliyekuvuta kiwiko."

Fundi alikuwa anafikiria yale maneno matatu ambayo hakuyasema.

Saa kumi na moja jioni ukumbi wa zahanati ulikuwa umefagiliwa na kupigwa maji. Benchi la wagonjwa lilikuwa limetolewa nje. Meza tatu zilikuwa zimepangwa kwa mstari, zimetandikwa vitambaa vyeupe vya ukingo wa kijani, na kwenye meza ya mwisho pindo lilikuwa limegeukia mbele, upogo wake unaonekana na kila anayeingia. Nesi alisimama juu ya kiti cha plastiki, chaki mkononi, uso wake kwenye ubao. Ilikuwa imeshafutwa 299. Ilikuwa imeshaandikwa 3.

"Andika kabisa," Mkuu alikuwa anamwambia. "Kesho asubuhi hatutakuwa na nafasi. Na sifuri zako ziwe za duara, si mayai."

Aligeuka, akawaona. Alikuja mikono mbele, akakiona kifurushi, akaishusha mikono.

"Jamani. Jamani, fundi wetu. Pole sana. Mama yangu, poleni." Aliinamisha kichwa kiasi cha kutosha. "Ilikuwa kule hospitali?"

"Njiani," Fundi alisema.

Mabega ya Mkuu yalishuka. Si sana, nusu inchi. Mtu mwingine asingeona. Fundi alikuwa amepima mabega kwa miaka kumi na miwili.

"Njiani," Mkuu alirudia kwa upole. "Mungu ndiye apangaye."

"Hospitali wamesema aandikwe hapa."

"Hapa?" Alionekana kushangaa kwa dhati. "Hapa alitoka hai, mama. Imara. Una fomu yake, na sahihi yako iko chini. Nitaandikaje hapa mtu ambaye hakufia hapa?"

"Basi aandikwe wapi?"

"Hayo ni mambo ya kitaalamu. Nenda kapumzike, umezaa leo."

Juu ya kiti, Nesi alikuwa ameandika sifuri moja. Chaki ilikuwa imesimama mahali pa sifuri ya pili. Hakugeuka. Mgongo ule ule.

"Mimi ndiye niliyempa ile hela," Fundi alisema kwa sauti, akiuambia ule mgongo. "Hakuniomba. Alinirudishia."

"Hayo yameisha," Mkuu alisema. "Nesi, malizia, tuzime taa. Kesho ndiyo siku yako ya mwisho, usituachie kazi nusu."

Chaki ilikwaruza ubao. Mama mkwe alianza kulia kwa sauti, na Mkuu akasogea kumshika mkono, akipita karibu na Fundi. Hapo ndipo alipotazama chini kwenye kifurushi. Akatazama meza. Akarudi kwenye kifurushi. Aliushika ukingo wa kijani kwa vidole viwili, akaupapasa, kama mteja.

"Fundi," alisema. "Hiki si kitambaa chetu?"

Akaonyesha meza kwa kidevu.

"Uliniambia jora lilitosha meza tu. Nikakuuliza, hakijabaki kitu? Ukaniambia hakijabaki hata kipande."

Fundi alimhamishia mtoto mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia alivua futi shingoni, ambayo ilikuwa imekaa hapo tangu jana, imelowa jasho na kukauka na kulowa tena. Akamnyooshea.

"Pima," alisema.